Kidonda Kinachobaki Baada ya Kinyama

Kinyama cha milimita nane kwenye duodeni hukatwa kwa dakika chache. Daktari aliyezoea hukiona, hukizungushia kitanzi cha waya, hukibana, na kimetoka. Mgonjwa aliyelalia ubavu wa kushoto, akiwa amepewa dawa ya usingizi mwepesi, hajui kilichopita. Ugumu wa kazi hii uko kwenye kidonda kinachobaki ukutani. Kwa siku kadhaa kidonda hicho kitakuwa kinaoshwa na nyongo na maji ya kongosho, maji yaleyale ambayo mwili huyatengeneza ili kusaga mafuta na nyama. Mijadala mingi ya wataalamu hujikita kwenye swali la kifaa gani hukata vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, kwenye duodeni swali la kwanza linapaswa kuwa njia gani itaacha kidonda chepesi, na nani ana uwezo wa kukifunga.

Duodeni ni kipande cha kwanza cha utumbo mdogo. Huanzia pale mfuko wa chakula unapoishia, ina urefu wa takriban sentimita 25 hadi 30, na imejikunja kwa umbo la herufi C kukizunguka kichwa cha kongosho. Sehemu yake kubwa imeshikizwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo, kwa hiyo haichezi huku na huko kama utumbo unaofuata. Kwenye sehemu ya pili, upande wa ndani wa mkunjo, kuna chuchu ndogo inayoitwa chuchu ya Vater, na hapo ndipo mrija wa nyongo na mrija wa kongosho hufungukia. Ukuta wenyewe ni mwembamba sana ukilinganishwa na ule wa mfuko wa chakula. Ukishaondoa tabaka la juu, misuli inayobaki ni kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Isitoshe, chini ya tabaka hilo la juu, hasa katika sehemu ya kwanza, kumejaa tezi za Brunner zinazotoa ute wa kupunguza makali ya asidi. Mwili unazihitaji tezi hizo, lakini zinamtaabisha daktari, kwa sababu zinalikamata tabaka la juu na maji yanayodungwa ili kulinyanyua hayasambai inavyotakiwa.

Kuna pia taabu ya kufika. Mpira wa kamera, kama wagonjwa wetu wanavyouita, hupita kooni, hushuka umio, hujikunja ndani ya mfuko wa chakula, kisha huingia kwenye kona kali. Ukiusukuma, mara nyingi unajikunja zaidi tumboni na ncha haisogei. Ukiuvuta nyuma, ncha inakwenda mbele. Anayejifunza huchanganyikiwa hapo kwa muda mrefu, na hata aliyebobea anaweza kujikuta ameshika kitanzi tayari, kinyama kiko mbele ya macho yake, halafu mgonjwa akavuta pumzi moja nzito na kila kitu kikateleza hadi mfuko wa chakula.

Watu wengi wakisikia duodeni huwaza vidonda vya tumbo, na hawakosei, maana vidonda hivyo ndivyo vilivyoipa sehemu hii umaarufu. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, alijimezesha mwenyewe kamera ya kwanza ya nyuzi za kioo, kisha akaanza kuwatazama nayo wagonjwa wenye vidonda vya duodeni. Tangu hapo madaktari wameizoea sehemu ya kwanza ya duodeni, pale vidonda vinapopenda kukaa, na wengi hugeuzia hapohapo. Adenoma, yaani vile vinyama vinavyoweza kugeuka saratani, hupendelea sehemu ya pili. Asiyeingia huko na kuzunguka taratibu havioni.

Vinyama hivi ni vichache. Kati ya watu wanaopigwa kamera ya tumbo, wanaokutwa na adenoma ya duodeni mbali na chuchu hawafiki mmoja kwa mia. Kwa kawaida havina dalili yoyote. Mgonjwa alikuja kwa kiungulia au upungufu wa damu, na kinyama kikaonekana njiani. Ndiyo maana Japani, nchi inayowapiga watu kamera kwa wingi kutafuta saratani ya mfuko wa chakula, ndiyo iliyoviona vingi na kuandika mengi kuvihusu.

Vinaonekanaje? Mara nyingi ni bapa au vimenyanyuka kidogo tu, na vimejibanza kwenye mikunjo. Ukivitazama kwa karibu kwa kamera nzuri, vingi vina rangi nyeupe kama vimenyunyiziwa maziwa, ama vyote au pembezoni tu. Weupe huo ni mafuta ya chakula yaliyofyonzwa na kubaki ndani ya seli badala ya kusafirishwa kwenda mbele. Utumbo wa kawaida unaokizunguka kinyama una vinyweleo laini vinavyoyumba kwenye maji. Juu ya kinyama vinyweleo hivyo hubadilika umbo au hupotea, na mpaka kati ya kizima na kibovu hujichora wazi. Daktari akishauona mpaka huo, amemaliza nusu ya uamuzi wake.

Nusu nyingine ni kujizuia. Tumefundishwa kwamba ukiona kitu, chukua kipande upeleke maabara, na mahali pengi hilo ni sahihi. Kwenye kinyama kidogo cha duodeni ambacho sura yake inaonyesha wazi kuwa ni adenoma, kukinyofoa kwa koleo kunaweza kugharimu kuliko faida yake. Tabaka la kati ni jembamba, kovu hutokea haraka na kukibandika kinyama kwenye misuli, na siku ya kukiondoa hakinyanyuki tena. Kipande kidogo pia huweza kutoka eneo lisilo baya kuliko yote, kikampa mgonjwa na daktari utulivu usio wa kweli. Ningependa kuona madaktari wetu wakipiga picha nyingi zilizo safi, kisha wakimpeleka mgonjwa kwa atakayekiondoa kizima kwa mara moja, na maabara ikapata kitu kamili cha kusoma. Pale sura inapotia shaka, au kinyama kinapofanana na saratani iliyokwisha kuingia ndani, hapo kipande kichukuliwe bila kusita, maana matibabu yatakuwa mengine kabisa.

Jumuiya ya Ulaya ya Endoskopia, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, ilishauri kwamba adenoma zote za duodeni zifikiriwe kuondolewa, kwa kuwa zina mwelekeo wa kuwa saratani zikiachwa. Kasi hailingani. Kinyama cha milimita tano chenye mabadiliko madogo kinaweza kukaa miaka mingi bila kubadilika sana, lakini kilichovuka milimita 20, au chenye mabadiliko makubwa ya seli, hakiaminiki. Mtu mwenye umri mkubwa sana, mwenye moyo mbovu na kinyama cha milimita nne, ana haki ya kuambiwa kwamba kukiangalia tu ni uamuzi unaoheshimika.

Na kama kisingeondolewa kwa kamera? Kwa vinyama vya mahali hapa, hasa karibu na chuchu, upasuaji mkubwa kuliko wote ni ule unaobeba jina la Allen Whipple wa New York, aliyeuchapisha mwaka 1935: unatolewa mkunjo wa duodeni, kichwa cha kongosho, kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wake, mara nyingi na kipande cha mfuko wa chakula, kisha vyote vinaunganishwa upya. Kwenye hospitali zinazoufanya kila wiki, wagonjwa wengi hupona, lakini matatizo baada yake bado huwapata wengi. Upasuaji wa namna hiyo kwa uvimbe usiofika sentimita moja ambao bado si saratani ni mzigo usiolingana na ugonjwa. Hilo ndilo linaloipa kamera thamani yake.

Sasa nije kwenye mbinu, kwa sababu hapa ndipo historia imetupotosha kidogo. Kitanzi chenye umeme kilizaliwa kwenye utumbo mpana: mwaka 1969, huko New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata vinyama kwa kitanzi kilichopitishwa ndani ya kamera. Mbinu ya kuchuna, ambayo daktari hutumia kisu kidogo cha umeme kulichambua tabaka la ndani na kulitoa zima, ilikomazwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa saratani changa za mfuko wa chakula. Zote mbili zilihamishiwa duodeni zikiwa na mafanikio makubwa kwao, kana kwamba ukuta ni uleule. Si uleule. Mfuko wa chakula una misuli minene na tabaka lenye nafasi ya kupitisha kisu. Utumbo mpana haumwagiwi nyongo na kongosho kwa wingi ule mlangoni pake. Duodeni ina ukuta mwembamba kuliko mfuko wa chakula, na inapokea maji makali kuliko utumbo mpana.

Umeme huunguza zaidi ya pale unapokata. Joto huteremka hadi kwenye misuli na mishipa ya damu iliyo chini, na sehemu iliyoungua haifi siku ileile. Inakauka, inachoka, kisha inamomonyoka. Mgonjwa anaweza kutoka chumba cha kamera akitabasamu, kesho yake au siku ya tatu akaanza maumivu yanayokwenda mgongoni, homa na mapigo ya kasi. Kwa kuwa duodeni imeshikizwa nyuma, tundu linaweza kuvujia huko nyuma na tumbo la mbele likabaki laini likibonyezwa, na daktari asiye makini akadhani ni gesi. Hatari hii ya tundu la baadaye ni kubwa zaidi chini ya chuchu, ambako nyongo na kongosho hupita moja kwa moja juu ya kidonda. Kutoka damu baadaye nako si jambo la nadra: kwa vinyama vikubwa vilivyokatwa kwa umeme, ripoti nyingi zinaonyesha mgonjwa mmoja kati ya kumi au zaidi.

Kwa hiyo kitanzi baridi, kisichotumia umeme, kimenivutia kuliko uvumbuzi wowote wenye bei kubwa. Kinyama kidogo hunaswa pamoja na ukingo wa utumbo mzima wa milimita moja au mbili, waya mwembamba unabanwa, nacho kinakatika kwa nguvu ya mkono peke yake. Damu huchuruzika papo hapo, na hilo humtisha anayeanza. Mara nyingi hukoma yenyewe kwa dakika chache, ukimwagia maji na kusubiri. Mishipa mikubwa ya chini haijaguswa, misuli haijaungua, na kidonda ni cha juujuu. Mwongozo wa Ulaya unakipendekeza kwa adenoma zilizo chini ya milimita sita. Wapo wanaokitumia kwa kubwa zaidi, kipande kwa kipande, wakikubali kwamba huenda kikarudi kidogo na kukatwa tena, ili mradi mgonjwa asitobolewe. Mimi naiona biashara hiyo kuwa ya haki. Kasoro yake ni kwamba hakiendi chini sana. Kinyama chenye dalili za saratani hakipaswi kukatwa hivyo, wala ule uvimbe wa seli za homoni unaoota chini ya tabaka la juu, ambao ukiwa hauzidi milimita 10 huondolewa kwa mbinu zinazoshika kina zaidi.

Kwa vinyama vya kati, mbinu ninayoiamini ni ile ya chini ya maji. Kenneth Binmoeller wa San Francisco na wenzake waliichapisha mwaka 2012 kwa utumbo mpana, kisha wakaipeleka kwenye duodeni. Badala ya kupuliza hewa na kudunga maji chini ya kinyama, daktari hunyonya hewa yote na kujaza maji. Utumbo uliopulizwa hutanuka na ukuta wake hukazwa ukawa mwembamba zaidi. Ukijazwa maji bila hewa, misuli hubaki imejikusanya kwenye duara lake, na tabaka la juu pamoja na kinyama huelea kuelekea katikati. Kitanzi hukamata kinachoelea. Umeme unatumika, lakini kwa sekunde chache, na maji yanapunguza joto. Hakuna sindano wala shida ya tezi za Brunner. Mbinu hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji maji, subira na mkono uliotulia.

Kuchuna kwa kisu kwenye duodeni ni habari nyingine. Hata katika vituo vya mabingwa huko Japani, ripoti nyingi zimeonyesha ukuta ukitoboka wakati wa kazi kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Faida yake ni kukitoa kinyama kikubwa kikiwa kizima, na kwa saratani changa hilo lina uzito. Lakini kwa adenoma ndogo sioni sababu ya kuichukua hatari hiyo popote pale, na kwetu sioni sababu ya kuianza sasa.

Wajapani walilipa ada ya kujifunza, na walichokivuna ni somo la kufunga. Walipoanza kuziba kidonda chote kwa klipu mara baada ya kukata, midomo miwili ya kidonda ikavutwa na kukutanishwa ili nyongo isipate pa kuingia, tundu la baadaye na damu ya baadaye vikapungua sana. Kwa kidonda kikubwa hutumia klipu zenye uzi wa kuvutia kingo, au klipu kubwa inayovalishwa kwenye ncha ya kamera. Kisipofungika chote, baadhi yao hupitisha mirija myembamba hadi puani, mmoja kwenye mrija wa nyongo na mwingine wa kongosho, maji yatoke nje hadi kidonda kishike. Ukifikiria kwa makini, vifaa vyote hivyo vinapambana na umajimaji, wala si na uvimbe. Kwa sababu hiyo namwomba kila daktari ahesabu klipu zilizoko kabatini kabla ya kufungua kitanzi. Kama hazitoshi kufunga kidonda anachokusudia kukiacha, apange siku nyingine.

Kinyama kilichokaa kwenye chuchu yenyewe hakimo katika mazungumzo haya. Kukikata ni kukata mlango wa kongosho, na kongosho huweza kuvimba vibaya, ndiyo maana huwekwa mrija wa kuulinda. Kabla ya kukata chochote sehemu ya pili, chuchu lazima ionekane wazi, ikibidi kwa kamera inayotazama kando, ili daktari ajue kinyama kiko umbali gani nayo.

Kuna kundi moja ambalo kwao duodeni si jambo la bahati nasibu: familia zenye polipu nyingi za kurithi, zinazotokana na hitilafu ya jeni ya APC. Vijana wao hujaa vinyama mamia kwenye utumbo mpana na huishia kuutoa. Ukishatolewa, hatari huhamia duodeni. Mwaka 1989 Allan Spigelman na wenzake, London, walitunga hatua za kupima ukali wa hali hiyo kwa idadi, ukubwa na sura ya vinyama chini ya hadubini. Katika ufuatiliaji wa miaka 10 uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 4 kati ya 11 waliokuwa hatua ya nne walipata saratani ya duodeni. Mpasuaji yeyote aliyemtoa kijana utumbo mpana kwa sababu hii na hakumwandikia rufaa ya kamera ya juu amemwachia kazi nusu. Ndugu zake wa damu nao waitwe.

Afrika Mashariki tuna wataalamu hodari wa kamera, lakini wamebanwa. Kanda ya Ziwa wanafunga mishipa iliyovimba kwa sababu ya kichocho. Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, wametumia miaka mingi kupambana na saratani ya umio. Utafiti ulioongozwa na Michael Mwachiro wa hospitali hiyohiyo ulikuta kwamba katika ukanda huu kuna takriban mtaalamu mmoja wa endoskopia kwa kila watu laki nane. Mtu mwenye foleni ya namna hiyo nje ya mlango hawezi kulaumiwa kwa kuharakisha. Hata hivyo, viwango vya Ulaya vinataka kamera ya kwanza ya uchunguzi ichukue dakika zisizopungua saba na iache picha zisizopungua kumi, na duodeni ni sehemu ya hesabu hiyo. Dakika moja ya ziada kwenye sehemu ya pili haihitaji bajeti ya wizara.

Kukata ndiko kunakohitaji kupangwa. Kitanzi baridi na klipu chache vinaweza kuwepo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Kinachoamua ni vitu vilivyo nje ya chumba cha kamera: damu iliyopimwa tayari kwenye benki ya damu, mpasuaji anayejua kwamba leo duodeni inakatwa na yuko tayari kuitwa usiku, mashine ya CT inayofanya kazi, na mwanapatholojia atakayesoma majibu kwa wiki, si kwa miezi. Hospitali yenye hivyo vyote inaweza kuondoa vinyama vidogo kwa usalama. Iliyokosa viwili kati ya hivyo impe mgonjwa rufaa, na kwa adenoma ndogo wiki chache za kusubiri hazimdhuru. Vinyama vya milimita 20 na kuendelea ningetaka vikusanywe kwenye vituo viwili au vitatu tu katika kila nchi. Ni vichache mno kuvigawa, na mkono hauzoei kazi unayoifanya mara moja kwa mwaka.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aseme mapema kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, hata aspirini ya kila siku. Aliyekatwa kinyama kikubwa alale hospitali, na aliyekatwa kidogo akiruhusiwa asisafiri na basi la usiku kwenda kijijini siku ileile. Akae karibu na hospitali kwa siku chache, ameze dawa ya kupunguza asidi kama alivyoandikiwa, na akiona kinyesi cheusi cha kunata, akatapika damu, akapata homa au maumivu ya mgongo, arudi saa hiyohiyo bila kungoja kliniki. Miezi mitatu baadaye apigwe kamera tena, na pakiwa safi, mara nyingine baada ya mwaka. Kabla ya kuondoka aombe nakala ya ripoti, nayo iandikwe kinyama kilikuwa sehemu ipi na umbali gani kutoka kwenye chuchu, kilikuwa na milimita ngapi, kilitoka kizima au vipande, kwa umeme au bila umeme, na kidonda kilifungwa kwa klipu ngapi. Picha ziambatishwe, kwa kuwa daktari wa kamera ya pili huenda akawa mwingine, na kovu lililopona vizuri kwenye mkunjo wa duodeni ni gumu sana kulitafuta bila picha.